Tathmini ya ShakeMap na Did You Feel It?: Namba za Kirumi zinasema nini kuhusu ardhi iliyotikisika

Katika kazi yangu ya kusimamia ujenzi mkoani Kagera, swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote kuhusu matetemeko ni lile nililoulizwa na bibi mmoja wa Hamugembe, mjini Bukoba, tulipokuwa tumesimama kwenye msingi wa nyumba anayoijenga upya. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea kozi ya kwanza ya matofali na kusema: “Mwanangu, lile lililopita lilikuwa tano nukta tisa. Hii nijengee ya saba, nife nikiwa na amani.” Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu ramani ya tetemeko la 2016, na juu ya ramani hiyo bibi aliona VII imeandikwa. Kwa hiyo alikuwa na namba mbili mkononi, 5.9 na 7, na akadhani moja ni kubwa kuliko nyingine kwa kipimo kilekile.

Ramani aliyoonyeshwa inatoka kwenye huduma ninayoitathmini hapa. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, hutoa bure kupitia tovuti yake bidhaa mbili zinazokwenda pamoja. ShakeMap ni ramani ya mtikisiko inayochorwa muda mfupi baada ya tetemeko, na Did You Feel It?, yaani “Je, Ulilihisi?”, ni fomu ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuijaza kueleza alichokiona na kukihisi. Nimezitumia zote mbili tangu 2016, kwanza kwa udadisi na baadaye kwa kazi, na msimamo wangu niueleze mapema: ni huduma bora kuliko nyingine yoyote ninayoijua kwa mtu wa ukanda wetu, mradi msomaji aelewe kwamba rangi na namba za Kirumi zilizo kwenye ramani ni tafsiri, na kila tafsiri ina mahali inapolegea.

Tuanze na namba za bibi. Tetemeko la Kagera lilitokea Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, kitovu chake kikiwa kilomita kama 40 kutoka mjini Bukoba upande wa mpaka wa Uganda, na kina chake kikikadiriwa kuwa kilomita 40 chini ya ardhi. Ile 5.9 ni ukubwa wa tetemeko, kipimo cha kile kilichoachiwa kule chini mwamba ulipokatika, na tetemeko moja lina ukubwa mmoja tu, uwe umekaa Bukoba, Kampala au Kigali. Magazeti yetu huandika “kipimo cha Richter”, ingawa wanasayansi waliacha zamani kukitumia kipimo hicho chenyewe kwa matetemeko ya ukubwa huo. VII ni jambo jingine kabisa. Ni ukali, yaani jinsi mtikisiko ulivyowafikia watu, vyombo na majengo mahali fulani, na ukali hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Tetemeko lilelile lilikuwa la VII kwenye sehemu iliyotikisika zaidi kwa mujibu wa ramani, na likawa mtetemo mdogo tu kwetu Mwanza, ambako nilikuwa nikiishi wakati huo.

Vipimo vya ukali ni vya zamani kuliko mashine zinazotegemewa leo. Rossi na Forel walikuwa na madaraja 10 katika miaka ya 1880; Giuseppe Mercalli, kasisi wa Kiitalia aliyechunguza volkeno, akatoa chake mwaka 1902; Cancani akakiongeza hadi madaraja 12; na Wamarekani wawili, Wood na Neumann, wakakirekebisha mwaka 1931 kikawa kile kinachoitwa Mercalli Iliyorekebishwa, ambacho USGS hukitumia hadi sasa. Maelezo yake ni ya nyumbani. Katika daraja la IV sahani na madirisha hugongana na mtu huhisi kana kwamba lori zito limepita. Katika la VI kila mtu hulihisi, wengi hukimbilia nje, na fanicha nzito huweza kusogea. Katika la VII nyumba zilizojengwa vizuri hupata madhara madogo huku zile duni zikiharibika vibaya. Hakuna mahali popote katika maelezo hayo panapotajwa mashine, na ndiyo maana kipimo hiki kinaweza kutumika hata kwa tetemeko la Rukwa la 1910, ambalo hakuna chombo chochote kilichokuwa karibu kulipima.

Lakini ShakeMap haiwezi kusubiri watu wahesabu nyufa. Inataka kuchora ramani ndani ya dakika chache, na kilicho mkononi ndani ya dakika hizo ni vipimo vya mwendo wa ardhi kutoka kwenye vituo vyenye mashine za kupima mtikisiko. Vipimo viwili ndivyo vinavyotumika zaidi. Cha kwanza ni kasi ya juu kabisa ambayo ardhi ilifikia ilipokuwa ikienda na kurudi, kwa sentimita kwa sekunde. Cha pili ni mchapuko wa juu kabisa, yaani jinsi kasi hiyo ilivyobadilika ghafla, na huu hutajwa kama asilimia ya g, mvuto wa dunia, ambao ni mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Abiria aliyesimama ndani ya daladala anaujua mchapuko bila kufundishwa: dereva akikanyaga breki sawasawa, ule msukumo unaompeleka mbele ni kama asilimia 20 ya g. Sasa afikirie breki hiyo ikikanyagwa mbele na nyuma, mara kadhaa kwa sekunde moja, chini ya nyumba ya matofali.

Chini ya kila ramani ya ShakeMap kuna jedwali dogo lenye rangi, na kwangu jedwali hilo ndilo kiini cha huduma yote. Linasema kwamba mchapuko wa asilimia 6.2 ya g unalingana na ukali wa V, asilimia 11.5 na VI, asilimia 21.5 na VII, asilimia 40.1 na VIII, na asilimia 74.7 na IX. Kwa upande wa kasi, sentimita 4.65 kwa sekunde ni V, 9.64 ni VI, 20 ni VII, 41.4 ni VIII na 85.8 ni IX. Ukizitazama namba hizo kwa utulivu utaona kwamba kupanda daraja moja kunadai mchapuko uongezeke karibu mara 1.9, na kasi iongezeke zaidi kidogo ya mara mbili. Anayesema kwamba VIII ni “moja zaidi” ya VII anakosea kama anayesema kwamba lori la tani 14 ni “moja zaidi” ya lori la tani 7. Kuanzia daraja la IV kushuka chini hesabu hubadilika, na hapo daraja moja hudai mchapuko zaidi ya mara nne, kwa sababu katika mitikisiko midogo kinachoamua ni hisia za binadamu na mgongano wa vyombo, na vitu hivyo haviendi kwa sheria ileile inayoongoza ukuta unaopasuka.

Namba hizo zilipatikanaje? Kwa kukaa na matetemeko mengi ya California, ambako vituo ni vingi na watu walioeleza walichohisi ni wengi pia, kisha kuweka kila kipimo cha mashine kando ya ukali ulioelezwa na watu wa mahali hapo na kuchora mstari unaopita katikati ya nukta hizo. Jedwali linaandikwa waziwazi kwamba limetokana na kazi ya Worden na wenzake ya 2012, ambayo iliboresha ile ya Wald na wenzake ya 1999. Napenda uwazi huo. Ninachotaka msomaji akumbuke ni kwamba nukta hazikukaa juu ya mstari. Zilitawanyika, na mtawanyiko wa kawaida ni karibu robo tatu ya daraja kwa mchapuko na theluthi mbili kwa kasi. Maana yake ni kwamba mashine ikisoma asilimia 21.5 ya g, ramani itaandika VII, lakini mitaani unaweza kukuta VI au VIII na hakuna aliyekosea.

Je, ni mchapuko au ni kasi inayopaswa kuaminiwa? Hapa ndipo jambo hili linaponivutia kuliko yote, na mifano mitatu inatosha.

Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995, chombo cha idara ya hali ya hewa kilisoma mchapuko wa sentimita 818 kwa sekunde kwa sekunde, kama asilimia 83 ya g, na kasi ya sentimita kama 90 kwa sekunde. Ukiziingiza namba hizo mbili kwenye jedwali, zote zinakupa IX, na mji uliobomoka na watu zaidi ya 6,000 waliokufa wanathibitisha hivyo. Miaka 13 baadaye, Juni 2008, tetemeko la Iwate na Miyagi katika Japani hiyohiyo liliandika kwenye kituo kimoja mchapuko unaozidi mara nne ya g, mkubwa karibu mara tano kuliko ule wa Kobe. Kama mchapuko peke yake ungekuwa mwamuzi, hapo pasingebaki jiwe juu ya jiwe, lakini nyumba zilizobomolewa na mtikisiko wenyewe zilikuwa chache. Ule mchapuko ulikuwa wa mapigo mafupi mno, yakija na kugeuka haraka kiasi kwamba jengo halikupata muda wa kusogea mbali kabla ya kuvutwa upande wa pili.

Mfano wa tatu unapinduka. Mexico City, tarehe 19 Septemba 1985, kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini, na chombo kilichokuwa kwenye tope la ziwa la kale kilisoma mchapuko wa asilimia 17 tu ya g. Jedwali letu lingetoa kati ya VI na VII, yaani plasta kuanguka na nyumba duni kuathirika. Lakini kasi ya ardhi hapohapo ilikuwa sentimita kama 60 kwa sekunde, ambayo jedwali lilelile linaiweka kati ya VIII na IX, na hiyo ndiyo iliyokuwa karibu na ukweli: tope lile lilibembea polepole, mara moja kila sekunde mbili, na maghorofa ya kimo cha kati, ambayo nayo hupenda kubembea kwa muda huohuo, yakaporomoka kwa mamia. Ndiyo maana ShakeMap huipa kasi uzito mkubwa zaidi mtikisiko unapokuwa mkali. Kwa nyumba zetu za chini zenye kuta nzito za matofali, ambazo hutikisika harakaharaka, mimi huendelea kuutazama mchapuko pia, na naishukuru huduma kwa kutoa ramani ya kila kimoja pembeni ya ile ya rangi. Wengi hawaifungui. Nawashauri waifungue.

Sasa niseme kuhusu Kagera, maana huduma hupimwa vizuri pale inapokuwa na data kidogo. Kwenye ramani ya ShakeMap, pembetatu ni kituo chenye mashine na duara ni majibu ya watu. Fungua ramani ya tetemeko lolote la California na utaona pembetatu zimejaa kama mchele uliomwagika. Katika ukanda wa Maziwa Makuu hali ni tofauti: kituo cha mtandao wa dunia wa kupima matetemeko kilicho jirani na Bukoba kiko Mbarara, Uganda, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye kitovu cha 2016. Pasipo na pembetatu, programu hukadiria mtikisiko kwa kanuni zinazotumia ukubwa, umbali na kina, kisha huurekebisha kwa aina ya udongo. Na udongo wenyewe, mahali ambapo hakuna aliyeupima, hukadiriwa kutokana na mteremko wa ardhi: tambarare huhesabiwa kuwa laini na yenye kukuza mtikisiko, mlima huhesabiwa kuwa mgumu.

Ni kanuni ya busara, na kwa Kashai na Hamugembe, zilizo kwenye tambarare ya ziwa, sina ugomvi nayo. Lakini Sekondari ya Ihungo iko juu kilimani, na majengo yake yaliharibika kiasi kwamba shule ilifungwa kwa muda, kama ilivyokuwa kwa Sekondari ya Nyakato. Mteremko wa ardhi ulisema jambo moja, umri wa kuta na namna zilivyojengwa vikasema jingine. Ramani haijui lolote kuhusu tofali la kuchoma lililopangwa kwa tope, ukuta wa pembetatu wa paa uliosimama bila kushikwa na chochote, au lenta iliyowekwa juu ya dirisha peke yake na kuishia hapo. Ilifundishwa na California, ambako nyumba nyingi za watu ni za mbao. Mtikisiko wa asilimia 20 ya g unaowapa wao hadithi ya kusimulia unaweza kutupa sisi msiba, na hilo jedwali haliwezi kulibeba kwa safu moja ya rangi.

Ulaya walilishughulikia jambo hili kwa njia ninayoiheshimu sana. Kipimo chao cha 1998 huyagawa majengo kwa udhaifu wake, kuanzia A kwa nyumba za udongo na mawe yasiyochongwa, B kwa matofali yasiyo na nondo, na kupanda hadi F, kisha humtaka mchunguzi ahesabu ni sehemu gani ya kila kundi iliharibika na kwa kiasi gani, ndipo atamke daraja. Kwa njia hiyo nyumba 10 za tope zilizoanguka hazipandishi ukali hadi IX ikiwa nyumba za zege jirani hazina ufa. Ninapotembea kwenye mtaa ulioathirika na daftari mkononi, kipimo hicho ndicho ninachokitumia, na ShakeMap hubaki kuwa picha ya kuanzia.

Nije kwenye Did You Feel It?, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu bora ya huduma hii kwa nchi zenye mashine chache. Jumamosi ile nilikuwa ghorofa ya pili Mwanza, kilomita zaidi ya 200 kutoka kwenye kitovu. Taa ya kuning'inia ilianza kuyumba, maji kwenye ndoo yakachora duara, na juu ya rafu glasi moja iliyokuwa ukingoni ilisogea ikagusa mwenzake kwa mlio mdogo, kisha ikatulia. Hakuna kilichoanguka. Jioni niliijaza fomu, kwa Kiingereza. Maswali yake ni mepesi: ulikuwa wapi, mtikisiko ulikuwa wa nguvu gani, uliogopa kiasi gani, kusimama kulikuwa kugumu, vitu vilianguka kutoka rafuni, picha zilisogea ukutani, fanicha nzito ilihama, jengo lilipata madhara gani.

Kinachofanyika nyuma ya maswali hayo kimewekwa hadharani, na nilikikokotoa kwa kalamu. Kuhisi tetemeko kunapewa alama 5. Nguvu ya mtikisiko na kiasi cha hofu huingia kwa alama zake zenyewe, kuanzia 0 hadi 5 kila kimoja. Ugumu wa kusimama na picha kusogea huzidishwa kwa 2, fanicha kwa 3, vitu vya rafuni na madhara ya jengo kwa 5. Jumla hiyo huingizwa kwenye logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), huzidishwa kwa 3.40, kisha hutolewa 4.38. Mimi nilipata 5 kwa kuhisi, 2 kwa mtikisiko mdogo na 3 kwa kuogopa kiasi, jumla 10, na matokeo ni ukali wa 3.4. Kama ile glasi na mwenzake zingeanguka, jumla ingekuwa 15 na ukali ungeruka hadi 4.8. Glasi mbili zinaweza kumhamisha mtu kutoka III hadi kwenye mlango wa V. Ndiyo maana mfumo hautegemei jibu la mtu mmoja: majibu ya eneo moja, kwa miraba ya kilomita 1 au 10, huwekwa pamoja na kutafutiwa wastani kabla ya kukokotoa, na yanapokuwa mengi makosa ya mmoja mmoja hupunguana.

Neno ni hilo, yanapokuwa mengi. Agosti 2011 tetemeko la 5.8 lilitokea Virginia, Marekani, dogo kidogo kuliko la Kagera, na majibu yaliyotumwa yalizidi 140,000. Yaliyotoka kwetu 2016 hayakaribii hata kidogo idadi hiyo, na mengi ya maduara katika ukanda huu huwa kwenye miji mikubwa, ambako kuna intaneti na kuna wanaosoma Kiingereza. Kijijini kwenye nyumba zilizoanguka, siku ile watu walikuwa wakitafuta turubai, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujaza fomu. Kwa hiyo ramani ya majibu huwa na tundu mahali palepale ambapo mtikisiko ulikuwa mkali zaidi. Hili halimaanishi kwamba huduma ni mbaya. Ni hali ambayo msomaji anapaswa kuijua kabla ya kusema kwamba “hapa hapakuwa na kitu kwa sababu hapana duara”.

Lugha nayo inahesabika katika usahihi wa kipimo. Fomu inamtaka mtu achague kama mtikisiko ulikuwa hafifu, mdogo, wa wastani, wa nguvu au wa kutisha, na kila hatua ni alama moja katika hesabu. Mtu anayetafsiri kichwani mwake kutoka Kiingereza cha shule anaweza kupotea hatua moja bila kujua. Pia swali la hofu linaulizwa kwa watu ambao wengi wao wamefundishwa kutokiri kwamba waliogopa. Mjomba wangu, aliyekuwa shambani Muleba, aliniambia hakuogopa hata kidogo, lakini katika maelezo yake alikuwa amekumbatia mgomba.

Nililinganisha pia na huduma ya Japani, kwa kuwa Wajapani walichukua njia nyingine. Tangu 1996 ukali wao, unaokwenda kutoka 0 hadi 7, hautegemei tena macho ya mtu. Hukokotolewa na mashine moja kwa moja. Na hesabu yao imetungwa kwa akili: huchuja mchapuko, kisha huchukua kile kiwango ambacho mtikisiko ulikifikia au kukizidi kwa jumla ya angalau sekunde 0.3, hivi kwamba pigo moja la kitambo kidogo haliwezi kupandisha daraja peke yake. Ndani ya dakika chache kila wilaya ina namba yake. Kwa uthabiti, mfumo wao unaizidi ShakeMap. Lakini umesimama juu ya vituo zaidi ya 4,000, na nchi isiyo na vituo hivyo haiwezi kuuazima. Hata wao walijifunza kwamba mashine na ukuta si kitu kimoja: Machi 2011 kituo cha Tsukidate kilitoa 7, daraja la juu kabisa, na mtaa unaokizunguka ulikuwa na majengo machache sana yaliyoanguka.

Kwa matumizi ya kila siku, ShakeMap ni rahisi kuliko inavyoonekana. Haidai usajili wala malipo. Ukurasa wa tetemeko hufunguka kwenye simu, ingawa ramani hukokota pale mtandao unapokuwa dhaifu. Jambo la kuangalia kwanza ni muda wa toleo ulioandikwa kwenye ramani, kwa kuwa ramani hurekebishwa kila data mpya inapoingia, na picha iliyosambazwa saa ya kwanza kwenye makundi ya WhatsApp inaweza kuwa imekwisha kubadilishwa. Kisha hesabu pembetatu na maduara. Ukiona rangi ya machungwa imetandazwa juu ya wilaya nzima bila alama hata moja ndani yake, unatazama makadirio. Toleo la sasa lina hata ramani ya kiasi cha kutokuwa na uhakika, na kwa Afrika Mashariki ramani hiyo inastahili kusomwa kabla ya ile ya rangi.

Ninachokitamani ni fomu ya Kiswahili, iliyotungwa na kujaribiwa na wasemaji wa Bukoba, Bukavu na Bujumbura, watu ambao bonde la ufa limewapitia kweli. Natamani pia vyombo vya bei nafuu vya kupima mchapuko viwekwe kwenye shule na hospitali za mkoa, kimoja tambarare na kimoja kilimani, ili siku nyingine tuwe na pembetatu zetu wenyewe na tuweze kuchora mstari wetu kati ya mchapuko na ufa, kwa matofali yetu.

Bibi nilimjibu hivi, tukiwa bado tumesimama msingini. Nilimwambia kwamba ile tano nukta tisa ni ya tetemeko, haimhusu fundi, na ile saba ya Kirumi ni ya mahali. Nilimwambia hatuwezi kujenga nyumba ya 7, ila tunaweza kujenga nyumba ambayo ardhi ikichapuka kwa asilimia 20 ya g itapata nyufa na isimwangukie. Aliuliza asilimia 20 ni nini, nikamweleza habari ya daladala na breki. Akafikiri kidogo, akauliza kama ukuta nao hauna bomba la kushika. Nikamwambia upo, ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, juu ya madirisha, na mwingine chini ya paa. Alimwita mjukuu, akamwagiza amwambie fundi asiendelee na kozi ya nane mpaka nondo zifike.